Nipange vipi nauli ya mzigo kwa wateja wa nje? Vikapu vya ukili, vikoi na khanga kutoka Dar

DadaWaUkili:

Wakuu, habari zenu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi hii.

Duka ni la mtandaoni, bidhaa zinatoka Dar es Salaam: vikapu vya ukili vyenye mikono ya ngozi, vikoi, na doti za khanga. Wateja wa mikoani hawana shida, basi linabeba na mambo yanaisha. Shida ni wa nje: Nairobi, Mombasa, Kampala, Muscat, Uingereza, Ujerumani, na wachache Marekani.

Kwa sasa Kenya na Uganda ni shilingi 20,000, kwingine kote ni 60,000, awe mtu kachukua kikoi kimoja au vikapu vitatu. Vikoi vinapita Posta na hesabu inakaa sawa. Vikapu vinapita kampuni ya vifurushi vya ndege na kila kimoja kinakula faida yote, na zaidi. Vipimo ni hivi: kikapu kikubwa kipenyo sm 32, kimo sm 34, uzito gramu 650. Kikoi gramu 380. Doti ya khanga gramu 350.

Maswali yangu:

1. Kikapu cha gramu 650 kinaandikiwa kilo 8.5 kwenye ankara. Inawezekanaje?
2. Niweke kiwango kimoja, au jedwali, au nimpimie kila mteja kivyake?
3. Ushuru wa huko mteja aliko, nani anapaswa kuulipa, na niandike nini dukani?
4. Kuna faida kutangaza "usafirishaji bure"?

---

Mizani_Kwanza:

Dada, nijibu la kwanza, maana ndilo linalozaa mengine. Nauli haipangwi kwa bidhaa, inapangwa kwa boksi.

Kampuni za ndege hupima vitu viwili: uzito wa mizani na uzito wa ujazo, yaani nafasi ambayo boksi linachukua ndegeni. Wanakutoza ulio mkubwa. Uzito wa ujazo ni urefu × upana × kimo kwa sentimita, ukigawanya kwa 5,000, jibu linakuja kwa kilo. Kisha wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata.

Kikapu chako kikisimama wima kinataka boksi la 34 × 34 × 36. Hiyo ni 41,616, gawanya kwa 5,000 unapata 8.32, wanaandika 8.5. Mizani yenyewe haifiki hata kilo 1.2 pamoja na boksi. Ankara yako haina kosa. Zaidi ya kilo saba hapo ni hewa.

Dawa ni kushusha kuta za kikapu. Ukili mkavu ukiukunja kwa nguvu unakatika kwenye mkunjo, kwa hiyo nyunyizia maji kidogo upande wa ndani, acha dakika kumi hivi ulainike, halafu kandamiza kuta zishuke juu ya kitako, kikae bapa kama kofia iliyokaliwa. Weka kitu kizito juu na ukiache kikauke kabisa. Msisitizo uko kwenye kukauka: kikifungwa na unyevu, baada ya wiki mbili ndani ya nailoni kitafika na ukungu, na ukungu kwenye ukili hautoki bila kuacha doa. Mikono ya ngozi ilaze ndani na uizungushie karatasi nyeupe, rangi ya ngozi isiguse ukili. Magazeti usitumie, wino wake unahamia.

Hapo boksi linakuwa 35 × 35 × 12. Hesabu: 14,700 ÷ 5,000 = 2.94, wanaandika kilo 3. Umetoka 8.5 hadi 3 bila kumwomba mtu punguzo. Weka kikaratasi cha maelezo ndani: mteja anyunyizie maji kidogo, ajaze taulo au nguo ndani, aache usiku mmoja. Kikapu kinarudi umbo lake.

Tena boksi hilo la bapa linakufungulia mlango wa Posta. Vifurushi vidogo vya posta za kimataifa vina mipaka mitatu: uzito usizidi kilo 2, upande mrefu kuliko yote usizidi sm 60, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sm 90. Kikapu kikisimama: 34 + 34 + 36 = 104, hakipiti. Kikilazwa: 35 + 35 + 12 = 82, kinapita, na unalipia mizani, siyo hewa. Ni polepole kuliko ndege za kampuni, lakini kwa mteja asiye na haraka tofauti ya bei ni kubwa. Tuma kwa rejista ili upate namba ya ufuatiliaji. Ni herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Bila namba hiyo, mteja akisema hajapokea huna pa kusimamia.

Angalizo moja kuhusu kupima. Boksi lililojazwa sana huvimba katikati, na mashine zao hupima pale palipovimba. Boksi la kimo cha sm 12 likivimba hadi 13 linakuwa 15,925 ÷ 5,000 = 3.19, wanaandika 3.5. Pima baada ya kufunga na kubandika gundi, siyo kabla, na uandike vipimo vya nje.

Vikoi navyo vina siri yake. Kikoi kimoja kwenye bahasha ya 30 × 25 × 4 ni kilo 0.6 ya ujazo, wanaandika 1. Kikunje vizuri, toa hewa, bahasha iwe na unene wa sm 3: inakuwa 0.45, wanaandika nusu kilo. Sentimita moja inakata nusu kilo nzima.

---

HesabuZaDuka:

Swali la pili. Mizani_Kwanza kamaliza upande wa boksi, mimi niende kwenye pesa.

Kiwango kimoja kwa dunia nzima kinamfanya mnunuzi wa kikoi amlipie mnunuzi wa kikapu, na bado hakitoshi. Kumpimia kila mteja kivyake nako kunakuua taratibu: mteja anasubiri jibu, akili inabadilika, anaondoka. Tengeneza jedwali la kanda na uzito. Kanda nne zinakutosha: Afrika Mashariki, Ghuba, Ulaya pamoja na Uingereza, Amerika ya Kaskazini. Ngazi za uzito: 0.5, 1, 1.5, 2, 3, 5. Zaidi ya kilo 5 andika "wasiliana nasi kwanza".

Kila chumba cha jedwali kinajazwa hivi: bei ya kampuni kwa uzito ule, ongeza asilimia ya tozo ya mafuta (nyongeza ambayo kampuni hutoza kwa ajili ya bei ya mafuta), ongeza vifungashio na nauli ya kupeleka mzigo ofisini kwao, kisha gawanya kwa sehemu inayobaki baada ya makato ya malipo.

Mfano. Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu, wewe weka za barua ya bei uliyopewa. Tuseme Ulaya ni 75,000 kwa nusu kilo ya kwanza, na 14,000 kwa kila nusu kilo inayofuata. Kikapu cha kilo 3: 75,000 + (5 × 14,000) = 145,000. Tozo ya mafuta tuseme ni 20%: 174,000. Boksi, karatasi na gundi 4,500, bodaboda 3,000: jumla 181,500. Makato ya kadi 4%: 181,500 ÷ 0.96 = 189,063. Unaandika 190,000. Kikapu hicho hicho kikisimama wima, kilo 8.5, kabla hata ya mafuta ni 299,000. Kwa hiyo ile 60,000 yako haikuwa karibu kabisa.

Tafadhali gawanya, usijumlishe asilimia. Wengi wanakosea hapa. Makato yanahesabiwa kwenye jumla aliyolipa mteja, pamoja na nauli yenyewe. Kwa makato madogo tofauti haionekani, lakini kuna masoko ya mtandaoni yanayokata kamisheni mpaka kwenye nauli. Etsy kwa mfano hukata 6.5% kwenye bei ya bidhaa pamoja na usafirishaji. Ukiongeza na makato ya kadi ukafika 10.5%, gharama ya 118,000 ikijumlishiwa asilimia inakuwa 130,390. Wanakata 13,691, unabaki na 116,699. Umepungukiwa 1,301 kwa kila mzigo. Ukigawanya kwa 0.895 unapata 131,844 na gharama yako inarudi yote.

Tozo ya mafuta haitulii: kampuni nyingine huibadilisha kila mwezi, nyingine kila wiki. Usiliguse jedwali kila inapobadilika, mteja anayerudi atachanganyikiwa. Tumia kiwango cha juu ulichokiona kwenye miezi mitatu iliyopita, kisha pitia jedwali kila robo mwaka. Januari ipe uzito wa pekee kwa sababu ndipo kampuni kubwa hutoa bei mpya. Kama bei zako zimeandikwa kwa dola na ankara inakuja kwa shilingi, au kinyume chake, ongeza asilimia 2 hadi 3 ya kukukinga na kupanda na kushuka kwa sarafu.

Kuna tozo nyingine inayouma kwa sababu inakuja baada ya mzigo kuondoka: ya maeneo ya mbali. Visiwa, vijiji vya milimani, baadhi ya miji midogo. Ingiza msimbo wa posta wa mteja kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kupokea malipo.

---

KaraniWaForodha:

Nichukue la tatu. Bahati mbaya ni refu, na sehemu ya la nne imo humu humu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, DAP: wewe unalipia mpaka mzigo unafika, ushuru na VAT ya huko analipa mpokeaji. Ya pili, DDP: wewe unalipa kila kitu, kampuni inakuletea ankara ya kodi baadaye, pamoja na ada yao ya kukulipia. Kwa duka dogo naona DAP ndiyo salama, kwa sharti moja tu: mteja ajue kabla hajalipa. Mzigo mwingi unaokataliwa mlangoni hukataliwa kwa sababu mtu ameambiwa alipe kodi ambayo hakuambiwa dukani. Ukikataliwa unarudi kwa gharama yako, na nauli ya kurudi inaweza kuzidi bei ya kikapu.

Uingereza. Tangu Januari 2021 mstari ni pauni 135 kwa mzigo. Chini ya hapo VAT ya 20% inatozwa wakati wa kuuza. Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko ndilo linaikusanya. Ukiuza moja kwa moja kwenye tovuti yako, sheria inakutaka wewe ujisajili VAT ya Uingereza. Kwa wateja watano kwa mwaka usajili huo haulipi. Waelekeze wakanunue kwako kupitia soko. Juu ya 135, kodi inakusanywa mpakani.

Umoja wa Ulaya. Tangu Julai 2021 hakuna kifurushi cha biashara kinachosamehewa VAT kwa udogo wake. Ujerumani ni 19%. Kuna mpango wa IOSS wa kuilipa mapema kwa mizigo isiyozidi yuro 150, lakini muuzaji wa Tanzania anahitaji wakala aliye ndani ya Umoja. Bila IOSS mteja analipa VAT akipokea, na posta au kampuni inamwongezea ada yake. Tena tangu tarehe 13 Desemba 2024 bidhaa za matumizi ya kawaida zinatakiwa kuwa na mwakilishi aliye ndani ya Umoja, jina na anwani yake viwe kwenye bidhaa au kifungashio. Hili wauzaji wengi wa huku hawalijui kabisa.

Habari njema upande huo: Tanzania imo kwenye kundi la nchi zinazoingiza Ulaya bila ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi yuro 6,000, tamko la uasili (kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania) ukiliandika kwenye ankara linatosha. VAT bado ipo, lakini ushuru unaondoka.

Marekani. Ule msamaha wa dola 800 uliozoeleka uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Tovuti nyingi bado zina maelezo ya zamani, usiyafuate. Viwango vimekuwa vikibadilika, kwa hiyo ulizia kampuni siku ile ile unayompa mteja bei, na uandike kwamba bei inakaa siku saba.

Sasa "usafirishaji bure". Ile pauni 135 na yuro 150 ni thamani ya bidhaa peke yake, nauli haihesabiwi *kama imeandikwa mstari wake kwenye ankara*. Vikapu vya pauni 120 na nauli pauni 40: thamani ni 120, uko chini ya mstari. Ukiandika "pauni 160, usafirishaji bure", thamani imekuwa 160, umevuka. Vikapu ni vile vile, kilichobadilika ni maandishi tu. Kwa hiyo kwa wateja wa Ulaya na Uingereza ningekushauri uitenge nauli, hata kama wauzaji wengine wanaificha ndani ya bei.

Karatasi: Posta watakupa fomu ya forodha CN22 kwa mzigo wa thamani ndogo, CN23 kwa unaozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF). Eleza bidhaa kwa maneno yanayoeleweka. "Kikapu cha kusuka kwa majani ya mkindu, kipande 1" kinapita; "zawadi" au "vitu vya mkono" kinasimamishwa. Iandike kwa Kiingereza, anayeisoma yuko upande wa pili. Namba ya ushuru ya vikapu vya kusuka ni 4602, mikono ya ngozi haiipeleki kwenye mikoba. Usipunguze thamani hata mteja akikubembeleza. Mzigo ukipotea, bima inalipa ulichoandika, siyo ulichouza.

Na mahali pa "nchi ya uasili" andika ilikotengenezwa bidhaa, siyo ilikotumwa. Khanga nyingi zinazouzwa Dar zimepigwa chapa India. Hizo ni za India hata kama jina lake, maneno yake na mvaaji wake vyote ni vya huku. Soma ukingo wa kitambaa au muulize muuza jumla.

---

NjiaYaNamanga:

Hilo la uasili ndilo linaloamua bei za Kenya na Uganda pia, nami niongezee upande huo.

Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikivuka mpaka wa ndani. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, Namanga, Horohoro, Mutukula na kwingineko. Vikapu vyako vya ukili vinaingia humo bila ubishi. Khanga ya India haiingii, inatozwa kama bidhaa ya nje. Kwa hiyo mzigo wa kwenda Mombasa wenye vikapu na khanga pamoja, tenganisha mistari kwenye ankara, vinginevyo mzigo wote utatazamwa kwa jicho la khanga.

Msamaha wa ushuru hauondoi VAT: Kenya 16%, Uganda 18%.

Mabasi: yanatoza kwa ukubwa wa jicho, hawana fomula. Hata hivyo boksi bapa linawasaidia kulipanga, na bei inashuka. Hakikisha mzigo unaandikiwa stakabadhi ya ofisi ya vifurushi. Ukimpa kondakta mkononi, ukishikwa mpakani hauna mwenyewe. Kwa Kampala uliza basi linapita wapi. Likipitia Nairobi mzigo unavuka mipaka miwili, likipitia Mutukula unavuka mmoja, na kila mpaka ni nafasi ya kufunguliwa boksi.

Ile 20,000 igawe mara mbili: bei ya mteja kuchukua mwenyewe ofisi ya basi, na bei ya kufikishiwa mlangoni. Wa Nairobi wengi watachagua ya kwanza. Chukua jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kwa sababu ofisi ya basi haitoi mzigo kwa jina la mtandaoni. Tuma siku mbili maalum kwa wiki, mfano Jumanne na Ijumaa, uitangaze ratiba hiyo dukani. Bodaboda moja ikipeleka mizigo sita, ile 3,000 inakuwa 500 kwa kila mzigo.

---

DadaWaUkili:

Asanteni sana wakuu, nimepata mengi kuliko nilivyotarajia. Mawili yamebaki. Wateja wengi wanachanganya: kikapu kimoja na vikoi viwili. Nijumlishe nauli ya kikapu na ya vikoi? Na Muscat hakuna aliyeigusa.

---

Mizani_Kwanza:

Usijumlishe. Vikoi viweke ndani ya kikapu kabla ya kushusha kuta, vinakaa kwenye uwazi ambao ulikuwa hewa. Kimo kinaongezeka hadi kama sm 14: 35 × 35 × 14 ni 17,150, sawa na 3.43, wanaandika 3.5. Vikoi viwili vimeongeza nusu kilo tu. Kwa Posta: 650 + 760 + boksi 400 ni gramu 1,810, na vipimo vinajumlika 84. Bado uko ndani ya kilo 2 na sm 90.

Kwenye mipangilio ya duka weka "bidhaa ya kwanza" na "kila inayoongezeka". Kikapu kinatozwa nauli kamili, vitambaa viwili vya kwanza vinaongeza nusu kilo ya kanda ile. Mteja akiona vikoi viwili vinamwongezea nauli kidogo tu, ataviongeza.

Vikapu vitatu vya saizi tofauti: ingiza kidogo ndani ya kikubwa, shusha vyote pamoja, boksi 35 × 35 × 20. Ni kilo 4.9, wanaandika 5. Hapo usiende Posta kwa kifurushi kidogo: jumla ni sm 90 kamili, na uvimbe kidogo tu unakutoa nje ya kipimo ukiwa tayari dirishani.

---

HesabuZaDuka:

Muscat: kuna mawakala wa kago ya ndege wanaokusanya mizigo ya watu wengi. Kago ya kawaida hugawanya kwa 6,000 badala ya 5,000, hivyo boksi lako la 14,700 linakuwa 2.45. Lakini wana kiwango cha chini cha kutoza, kwa hiyo kikapu kimoja hakifaidi. Subiri ufikishe oda tano au sita za upande huo. Mpokeaji mmoja akubali kugawa, au wakala awe na ofisi Muscat. Ushuru wa Ghuba kwa bidhaa nyingi ni 5%, na Oman ina VAT ya 5% tangu Aprili 2021 inayohesabiwa juu ya thamani, nauli na ushuru. Anwani za Oman nyingi ni sanduku la posta na msimbo, dereva anampigia mpokeaji simu. Bila namba inayoanza na +968 mzigo unalala ghalani.

Kuhusu kusamehe nauli, mbali na alichosema Karani: fanya nusu, na kwa Afrika Mashariki tu. Kikapu kikikuachia faida ya 45,000, vitatu ni 135,000. Tuseme nauli ya vitatu kwenda Nairobi ni 40,000. Ukibeba nusu yake unabaki na 115,000 na mteja ameona umemjali. Ulaya ukibeba nusu ya nauli ya kilo 5, faida karibu yote imekwisha.

---

DadaWaUkili:

Nimeandika hivi kwa ajili ya ukurasa wa malipo, nirekebishieni:

"Nauli inahesabiwa kwa ukubwa wa kifurushi na nchi unayoishi. Tunatuma Jumanne na Ijumaa. Kikapu kinafika kikiwa kimelazwa, maelezo ya kukirudisha umbo yamo ndani. Bei hii haina ushuru. Unaweza kutozwa kodi kidogo nchini kwako."

---

KaraniWaForodha:

Dada, ondoa "unaweza" na "kidogo". Mteja wa Ujerumani akisoma hivyo anadhani labda hatatozwa, kisha anatozwa 19% na ada juu yake. Andika: "Bei hii haijumuishi ushuru wa forodha na VAT ya nchi yako. Utalipa kodi hizo kwa posta au kampuni ya usafirishaji kabla ya kukabidhiwa mzigo. Ukikataa mzigo, tutakurudishia bei ya bidhaa baada ya kukata nauli ya kwenda na kurudi." Weka kisanduku cha kutia tiki kabla ya kitufe cha kulipa, na uhifadhi picha ya oda. Kwa wale wa Uingereza walio chini ya pauni 135 weka kiungo cha duka lako la sokoni badala ya kitufe cha kulipa.

Na kwenye baadhi ya karatasi za Posta kuna sehemu ya maagizo iwapo mzigo hautapokelewa: urudishwe kwa mtumaji, au uhesabiwe umeachwa. Ijaze kila mara. Kikapu, tia tiki urudishwe. Kikoi kimoja cha kwenda Marekani, linganisha kwanza nauli ya kurudi na bei ya kikoi, kisha uamue.